Mtoto anazaliwa na lugha kichwani? Maongezi yangu na wazazi na walimu, Kigoma mjini

Nimeiandika karibu kama nilivyoiongea, kwa ajili ya wale ambao mvua iliwazuia kufika Mwanga na wale wa viti vya nyuma ambao spika iliwatupa. Vicheko nimepunguza, na maswali nimeweka machache tu mwishoni.

Mwakeye jamani! Wazee wangu wa Ujiji shikamooni. Kina mama, walimu wenzangu, na nyie vijana mlioning'inia dirishani huko, ingieni ndani viti vipo, hamna kiingilio.

Swali nililopewa leo ukilisikia mara ya kwanza unaona kama la watu waliokosa kazi: hivi binadamu anazaliwa na lugha, au anaikuta tu duniani akaiokota kama anavyookota tabia nyingine? Nyumbani kila mtu ana jibu lake tayari. Bibi atakwambia mtoto anaongea kwa sababu anaongeleshwa, basi, na yule wa jirani amechelewa kwa sababu mama yake kamwachia dada wa kazi na tivii. Babu atasema hapana, kuongea hakufundishwi, siku ikifika ataongea tu hata umfungie ndani. Sasa wote wawili wana kipande cha ukweli, na wote wawili, samahani bibi, kuna mahali wanateleza, ndo maana nimekuja na makaratasi yote haya.

Kwa wasomi ugomvi huu ulishika moto miaka ya 1950 kule Marekani. Kulikuwa na mwanasaikolojia mkubwa, B. F. Skinner, mtu wa kufundisha njiwa na panya kwa kuwapa chakula wakipatia, na mwaka 1957 akatoa kitabu akisema lugha nayo ni hivohivo, mtoto anatamka, anapongezwa, anarudia, inakuwa mazoea. Mwaka 1959 kijana mmoja wa miaka 30, Noam Chomsky, akaandika uchambuzi wa kile kitabu na hakukiacha salama. Hoja yake ukiivua mbwembwe ni hii: mtoto anasema sentensi ambazo hajawahi kuzisikia na hakuna aliyempongeza kwa kuzisema, na anachosikia nyumbani ni vipande vipande tu, watu wanakatishana, wanaanza sentensi hawamalizi, halafu bado akifika miaka minne mitano ana sarufi karibu nzima kichwani. Nani kamfundisha? Kuna mzazi hapa amewahi kumkalisha mtoto wa miaka miwili akamwambia mwanangu, kiambishi cha nafsi kinatangulia kiambishi cha njeo? Hayupo. Sisi walimu wa sekondari ndo tunafundisha hayo, tunawafundisha watoto wanaoyatumia bila kukosea tangu hawajaanza chekechea, na kwenye mtihani wanafeli.

Kwahiyo Chomsky akasema lazima kuna kitu mtoto anakuja nacho, ramani ya lugha zote za binadamu, wataalamu wetu wanaiita sarufi majumui. Kama ramani hiyo ipo kweli kama alivyoichora yeye hilo nitalirudia, kwa sababu mimi sikubaliani naye yote.

Lakini kabla hatujaenda mbali, sisi watu wa Kigoma tuna bahati ambayo maprofesa wengi wanaililia. Nusu ya ushahidi wa kesi hii iko hapo juu milimani, unapanda boti Kibirizi unashuka Gombe. Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika pale Julai 1960 akiwa hana hata digrii, na tangu hapo watu wamekaa na wale sokwe zaidi ya miaka 60, wamemwona bibi, mama, mjukuu, wanajua nani mtoto wa nani kuliko tunavyojua sisi kwenye koo zetu. Sokwe ndo ndugu yetu wa karibu kuliko wanyama wote, yeye na binamu yake bonobo wa misitu ya Kongo. Kama lugha ni suala la akili tu na kuishi pamoja, sokwe angekuwa nayo hata kidogo.

Sasa sikieni kisa kimoja ambacho Goodall mwenyewe alikisimulia. Kulikuwa na sokwe kijana anaitwa Figan, baadaye alikuja kuwa mkubwa wa kundi, lakini wakati huo alikuwa bado kijana wa kuonewa. Siku hiyo alipewa ndizi, akapiga zile kelele ambazo sokwe hupiga akiona chakula kizuri, madume makubwa yakasikia, yakaja mbio, yakamnyang'anya zote. Siku nyingine akapewa tena, safari hii akanyamaza. Ila Goodall aliyekuwa karibu alizisikia zile kelele zinamkwama kooni, Figan anazimeza kwa shida, mpaka ndizi zikaisha. Umeona akili hiyo? Amejifunza kwamba kelele inamponza, anapanga, anajizuia. Lakini umeona na shida yake? Kelele sio yake. Kelele ni ya furaha, furaha ikija nayo inakuja, na kuizuia ni kazi ya kupigana na koo lako mwenyewe.

Sasa chukua mtoto wa miaka minne hapo Kibirizi, kashiba, hana hamu na chochote. Anaweza kukwambia jikoni kuna migebuka. Anaweza kusema jana kulikuwa na migebuka, au mama hajanunua migebuka, au, na hapa ndipo sokwe anabaki nyuma kabisa, migebuka ingekuwepo ningekula. Samaki hayupo, hamu haipo, na maneno yapo. Hakuna sauti ya sokwe wa Gombe inayofanya hivyo, na wamesikilizwa sana.

Na msije mkasema sokwe hawezi kujifunza kwa mwenzake, anaweza. Shukeni kusini hapo Mahale, ambako Wajapani wamekuwa wakifanya utafiti tangu 1965. Sokwe wa kule wakichambuana manyoya wana mtindo wa kushikana mkono mmoja mmoja na kuuinua juu, wanatulia hivyo huku wanachambuana. Gombe mtindo huo haupo. Mnyama mmoja, ziwa moja, desturi tofauti, yani kama Ujiji na Kasulu tu. Kwahiyo kuiga wanaiga na desturi wanarithishana, lugha ndo haikutokea.

Wamarekani wakasema labda sokwe hajapata malezi. Miaka ya 1940 mwishoni familia moja ya wanasaikolojia, Keith na Catherine Hayes, wakalea sokwe anaitwa Viki nyumbani kwao kama binti yao, wakamfundisha kutamka miaka na miaka, akapata maneno manne, na hayo manne ukisikia ni kama anakohoa. Wengine wakasema tatizo ni koo, tumfundishe alama za mikono, wakajaribu na Washoe tangu 1966, halafu na mwingine wa New York aliyezaliwa 1973 wakamwita Nim Chimpsky, ni utani kwa Chomsky huo. Nim alijifunza alama kama 125, sio mchezo. Lakini sentensi yake ndefu kuliko zote ilikuwa alama 16 na kwa Kiswahili ingekuwa hivi: lete chungwa mimi lete kula chungwa mimi kula chungwa lete mimi kula chungwa lete mimi wewe. Mnacheka, lakini angalieni vizuri, hamna kitu kimeongezeka hapo, ni njaa ileile inazunguka. Herbert Terrace aliyekuwa anaongoza utafiti alikuwa na matumaini makubwa, akarudia kuangalia video taratibu, mwaka 1979 akaandika kwamba alama nyingi za Nim mwalimu wake alikuwa ametoka kuzionyesha sekunde chache kabla. Wapo wanaobisha mpaka leo, wanamtaja Kanzi, yule bonobo aliyekuwa anaelewa maagizo mengi ya Kiingereza cha kuongea, na ni kweli alielewa. Kuelewa agizo ni kitu kikubwa. Kuhadithia ni kingine.

Haya, tumetoka msituni, turudi kwa mtoto. Nilimwomba mama mmoja aliyekaa mbele aniazime binti yake wa miaka minne na nusu, akaja mwenyewe bila uoga, akapanda kwenye kiti. Nilikuwa na vikaratasi vya manila. Cha kwanza nimechora dude moja la ajabu lina mpini na masikio, nikamwambia hiki ni kigwepe. Hakuna mtu duniani ana kigwepe, neno nimelitunga usiku. Cha pili nimechora madude mawili, nikamuuliza tu, na hapa nimechora nini? Nilikuwa makini nisitamke vi hata mara moja, maana ningemwibia jibu. Akasema vigwepe, kwa sauti ya kunishangaa kwanini namuuliza kitu rahisi. Cha tatu yale madude yamedondoka kwenye meza, nikauliza imekuwaje hapa? Akasema vimeanguka. Akaongeza mwenyewe, sijamuuliza, kimoja kimevunjika.

Hilo jaribio sio langu, la kwanza lilifanywa na Jean Berko mwaka 1958 na watoto wa Kiingereza, yeye alichora kijidude kama ndege akakiita wug, watoto wakasema wugs. Lakini la kwetu kwa maoni yangu ni zuri zaidi, kwa sababu mtoto wa Kiswahili habadilishi neno moja tu, anabeba ile vi mpaka kwenye kitenzi, na yule binti alipotaka kukitenga kimoja akarudi kwenye ki bila kufikiri. Hajasoma ngeli. Na hajaiga, kwa sababu vigwepe vimeanguka haijawahi kusemwa na mtu yeyote chini ya jua kabla ya asubuhi ile.

Mzee mmoja wa Ujiji akanyoosha fimbo hapohapo. Akasema mwalimu unatupiga chenga, huyo mtoto kasikia kikombe vikombe, kijiko vijiko, tangu yuko mgongoni, sasa hapo kuzaliwa nacho kunaingiaje?

Mzee wangu, hapo umegonga penyewe, na ndipo ninapoachana na Chomsky njia. Ki na vi hajazaliwa nazo. Mtoto huyohuyo angezaliwa Beijing asingekuwa na ngeli hata moja na asingezikumbuka. Alichozaliwa nacho ni kule kutotulia, yani akisikia maneno hakai nayo moja moja, anatafuta mpango uliojificha ndani yake, na akiupata anautumia hata kwa dude ambalo halipo. Nim alisikia, sorry, alionyeshwa alama miaka mitatu na zaidi na hakutafuta mpango wowote, alitafuta chungwa.

Na tumejua huo utafutaji unaanza mapema kiasi gani. Mwaka 1996 Jenny Saffran na wenzake waliwasikilizisha watoto wa miezi minane sauti ya kompyuta inayosoma silabi mfululizo, haipumui, haina kiimbo, bidakupadotigolabubidaku, dakika mbili tu. Ndani yake kulikuwa na maneno ya uongo kama bidaku na padoti yanayojirudia. Baada ya dakika mbili watoto walikuwa wanatofautisha maneno yaliyojirudia na silabi zilizokutana kwa bahati tu mpakani, wanajulikana kwa muda wanaogeuka kusikiliza. Miezi minane! Huyo hajui hata kijiko kinaingia upande gani, lakini kichwa chake kinapiga hesabu ni silabi gani huwa inafuata ipi. Wapinzani wa Chomsky walifurahi sana na utafiti huu, wakasema mnaona, hakuna haja ya sarufi ya kuzaliwa, mtoto anapiga hesabu tu. Sawa, lakini mimi nauliza, na hiyo mashine ya kupiga hesabu ameinunua wapi? Hiyo nayo kazaliwa nayo. Wakati mwingine naona hawa ndugu wanagombana juu ya jina.

Kuna kitu kingine ambacho sisi Wabantu tulitakiwa tukiseme kwa sauti zaidi. Kwa muda mrefu vitabu viliandikwa kwa kuangalia watoto wa Kiingereza, na Kiingereza watoto wanachelewa sana kutumia kauli ya kutendwa, ile ya nimepigwa, nimeibiwa, ikasemekana labda ubongo wa mtoto bado haujakomaa kwa muundo huo. Halafu Katherine Demuth akaenda Lesotho, akakaa na watoto wa Kisotho, akaripoti mwaka 1989 kwamba hawa wanaitumia kabla hata ya kufika miaka mitatu, kwa sababu kwenye lugha yao watu wazima wanaitumia kila saa. Mama yeyote wa Mwanga angemwambia hivyo bila tiketi ya ndege. Mtoto wako akirudi analia anasemaje? Nimepigwa na Asha. Kwahiyo ratiba ya lugha haiko yote kwenye damu, sehemu kubwa iko midomoni mwa waliomzunguka, na ukitaka kujua binadamu kazaliwa na nini usiangalie watoto wa lugha moja tu ya Ulaya ukatangaza habari za dunia nzima.

Kwenye damu nako wameangalia. Kuna familia moja ya London inaitwa KE kwenye ripoti, vizazi vitatu, karibu nusu yao walikuwa na shida kubwa ya kutamka na kupanga maneno, na mwaka 2001 ikapatikana jeni yenye hitilafu, inaitwa FOXP2. Magazeti yakaandika jeni ya lugha imepatikana! Uongo. Jeni hiyo panya anayo, ndege anayo, inasaidia mambo mengi ikiwemo kuendesha mdomo na ulimi kwa mpangilio. Inaonyesha lugha ina mizizi mwilini, basi, haionyeshi kwamba sarufi imeandikwa mahali. Tupite.

Sasa naomba mnisikilize vizuri hapa kwa sababu mengine yote nimeyasema ili nifike hapa.

Nikaragua, Amerika ya Kati. Kabla ya miaka ya 1970 viziwi wa nchi ile waliishi kila mmoja kwao, nyumba moja kiziwi mmoja, anaonyesha onyesha vitu na mama yake wanaelewana juu ya chakula na kulala, mambo yanaishia hapo. Mwaka 1977 ikafunguliwa shule ya elimu maalum mji mkuu Managua, watoto kama 50, baadaye chuo cha ufundi kwa wakubwa, na kufikia 1983 walikuwa zaidi ya 400 kwenye shule hizo mbili. Walimu walikuwa wanawafundisha Kihispania cha kusoma midomo, na haikuingia. Ila uwanjani wakati wa mapumziko, na kwenye basi la shule, watoto walikuwa wanapeana ishara zao za nyumbani, huyu ana yake ya maji, yule ana yake, zinagongana, inabaki moja. Walimu hawakuelewa nini kinaendelea. Mwaka 1986 wizara ikamwita mtaalamu wa lugha za alama kutoka Marekani, Judy Kegl, aje aangalie. Akakuta kitu ambacho hakuna mtaalamu wa lugha aliyewahi kukishuhudia kikizaliwa mbele ya macho yake, lugha mpya, na haikutoka kwenye Kihispania wala kwenye lugha ya alama ya Marekani.

Lakini jambo lenyewe liko kwenye tofauti ya wakubwa na wadogo. Ann Senghas na wenzake waliwaonyesha video ya katuni, paka amemeza tufe zito anashuka barabara ya mteremko huku anabiringika, wakawaambia hadithieni. Watu wanaosikia wa Nikaragua wakitumia mikono wakati wanaongea wanafanya kitu kimoja, mkono unazunguka huku unashuka, kila kitu kwa pamoja, jaribu mwenyewe hapo ulipo utafanya hivyohivyo. Viziwi wale wa kundi la kwanza, waliokutana wakiwa wameshakua kidogo, nao walifanya karibu hivyo. Waliokuja baadaye wakiwa wadogo, wakajifunza kwa hao wakubwa, wao waliigawa. Alama ya kubiringika, kisha alama ya kushuka, moja inafuata nyingine. Unaona? Mchoro wa mkono umekatwa ukawa maneno, na maneno unaweza kuyatoa hapo ukayapeleka kwenye sentensi nyingine. Utafiti huo ulitoka 2004. Watoto walipewa lugha iliyo nusu nusu na wao wakairudisha ikiwa imekamilika zaidi ya walivyopewa. Hakuna mwalimu, hakuna pongezi za Skinner, hakuna wa kuiga huo mgawanyo. Kama mtu anataka nimwonyeshe kitu kimoja tu kinachonifanya niamini binadamu anakuja duniani na kitu, ni kile kizazi cha pili cha Managua.

Na msione ni mambo ya mbali. Shule ya kwanza ya viziwi Tanzania ilifunguliwa mwaka 1963 hapo Tabora, treni yetu inapita palepale. Waliosoma shule tofauti za viziwi nchini watawaambia alama zilikuwa hazifanani shule na shule, kila mahali watoto walipokusanyika walitengeneza yao, na Lugha ya Alama ya Tanzania ya leo imejengwa juu ya mikono ya watoto wale.

Lakini uwezo huu una muda wake. Watu hupenda kumtaja Genie, yule binti aliyepatikana California mwaka 1970 akiwa na miaka 13, baba yake alimfungia chumbani tangu mdogo, akaja kujifunza maneno mengi ila sentensi hazikukaa sawa. Mimi simtumii sana, yule mtoto aliteswa, huwezi kujua kilichoharibika ni nini. Ushahidi safi uko kwa viziwi wa kawaida waliolelewa kwa upendo. Elissa Newport alichukua viziwi wa Marekani ambao wote wametumia lugha ya alama miaka 30 na zaidi, tofauti yao ni umri wa kuanza: wengine tangu kuzaliwa, wengine kati ya miaka minne na sita, wengine baada ya miaka 12. Miaka 30 ya mazoezi, na bado waliochelewa walikuwa wanakosea sarufi ambayo waliozaliwa nayo hawakosei. Rachel Mayberry akaonyesha jambo linaloniuma zaidi, kwamba aliyekosa lugha yoyote utotoni hata lugha ya pili baadaye inamsumbua, wakati aliyeipata moja mapema, ya mdomo au ya mikono, ya pili anaipokea vizuri.

Sasa nisemeni? Mtaani kwetu huku, na vijijini Buhigwe na Kibondo, kuna mtoto kiziwi amewekwa uani. Sio kwa ubaya, anapendwa, anakula, anavaa, lakini watu wazima wanasubiri. Wanasubiri akue, wanasubiri aombewe, wanasubiri ada ya bweni. Na akija shule ana miaka tisa, kumi, hana lugha hata moja, mwalimu anaambiwa amfundishe kusoma. Kusoma nini? Hicho kitu alichokuja nacho duniani, kilekile alichonacho yule binti wa vigwepe, kimekaa miaka yote hiyo hakuna aliyekipa cha kufanyia kazi. Sisemi haya kumlaumu mzazi, kwa takwimu za Marekani zaidi ya watoto viziwi 90 kwa kila 100 wamezaliwa na wazazi wanaosikia, ambao hawajawahi kuongea na kiziwi hata siku moja, wangejulia wapi? Nasema kwa sababu nilikuwa nimeulizwa swali la kisomi na hili ndilo jibu lake likishuka chini. Anayefikiri lugha inakuja yenyewe atasubiri. Anayefikiri ni kuongeleshwa kwa mdomo tu atapiga kelele sikioni kwa mtoto asiyesikia.

Baada ya hapo yakaja maswali, mengi, nimeweka haya.

Kijana wa dirishani akauliza kuhusu akili mnemba, kwamba simu yake inaandika Kiswahili safi na haikuzaliwa na chochote. Swali zuri sana hilo. Nikamjibu mashine zile zimelishwa maandishi ya maneno mabilioni kwa matrilioni, wakati mtoto mpaka anafika miaka kumi amesikia maneno yasiyozidi milioni 100, na hapo ni mtoto wa nyumba ya waongeaji. Kwahiyo mashine imeonyesha kwamba ukiwa na maneno mengi kupita kiasi unaweza kuikamata sarufi, na hilo limewatia jasho watu wa Chomsky, tusifiche. Haijaonyesha mtoto anawezaje kwa kidogo hicho. Na mashine haikumwambia mtu yeyote kimoja kimevunjika kwa sababu imeona kimevunjika.

Mama mmoja mwalimu akauliza kama mtoto akiongeleshwa Kiha na bibi, Kiswahili mtaani na Kiingereza shule atachanganyikiwa. Hachanganyikiwi. Atachanganya maneno, ndio, hata wewe mwalimu unachanganya, lakini ukisikiliza vizuri kila lugha anaiendesha kwa kanuni zake. Watoto wa Kigoma wamekua hivyo miaka yote, Kiha ndani, Kiswahili sokoni, Kibembe kwa majirani waliovuka ziwa. Anayemkataza bibi kuongea Kiha na mjukuu hamsaidii mtoto chochote, anampunguzia tu mtu wa kuongea naye.

La mwisho aliuliza baba mmoja, alisubiri watu wapungue. Ana kijana wa mwaka na miezi, mlango ukibamizwa hashtuki, na ndugu wamemwonya asimfundishe ishara maana atakuwa mvivu wa kuongea. Nikamwambia ndugu yangu, la kwanza nenda hospitali wampime masikio, mwezi huu, usingoje afike miaka mitatu. Wakikuta anasikia kidogo kuna vifaa, na Muhimbili tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya ndani ya sikio kwa baadhi ya watoto, watakueleza kama anafaa. La pili, alama hazizuii mdomo. Angalia watoto wanaosikia waliozaliwa na wazazi viziwi, wanakua na lugha zote mbili, ya mikono kwa mama na ya mdomo kwa majirani. Mwaka 1991 Laura Ann Petitto na Paula Marentette waliandika kwamba watoto wachanga viziwi wanaolelewa na wazazi wa alama huwa wanabwabwaja kwa mikono, vidole vinarudia rudia maumbo yasiyo na maana, umri uleule ambao wenzao wanasema bababa. Akaniuliza sasa mimi na mama yake alama tutajifunzia wapi, sisi hatujui hata moja. Nikampa namba ya mwalimu mmoja wa viziwi ninayemfahamu, nikamwambia pia aulizie kwa watu wa CHAVITA, chama cha viziwi Tanzania, na wale jamaa viziwi anaowaona wamekaa pamoja pale stendi jioni, hao ndo walimu wazuri kuliko wote, aende na mtoto, asiende peke yake.